Mshale Ulipovuka Mstari Mwekundu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni wiki iliyopita, mlio wa injini ulibadilika. Tangu ndege iruke kutoka Bonde la Rukwa ulikuwa ngurumo, mara ukawa kilio chembamba, kinapanda, kinapanda, na mimi nimeketi nyuma na mwanangu wa siku kumi na mbili, pumzi zinamkatika, hana hata jina, na mbele yetu umesimama ukuta wa milima ambao lazima tuuvuke ndipo tufike hospitali, Sumbawanga.

Kapteni Oresti alivuta mpini wa buluu, ule wa kupunguza mzunguko wa pangaboi. Haukuitika. Akavuta tena. Haukuitika. Mshale wa kipimo cha mzunguko ukavuka mstari mwekundu.

Nesi Dezideri, aliyekuwa akimpumulisha mtoto kwa kubinya mfuko wa hewa kwa mkono, akamwambia aongeze moto tuvuke, mtoto hana muda. Kapteni hakugeuka.

"Kaka, injini ina kikomo. Pangaboi likizidi hapo linang'oka, na sote tunalala kwenye mawe yale."

Akapunguza moto, akainua pua ya ndege ili mwendo ushuke, mshale ukarudi. Kisha akaupa ukuta mgongo, akaanza kuzunguka juu ya bonde, kila duara tukipanda kidogo. Duara la kwanza, Dezideri anabinya. La pili, anabinya. La saba, vidole vimekufa ganzi, anabinya. La tisa tukapita juu ya ukuta, karibu kabisa, nikawaona ng'ombe wa watu wakikimbia, na tukafika.

Mtoto akapona. Bibi yake akasema jina lisingoje tena, apewe la aliyemwokoa.

Kapteni akasema, akijidai kidogo, kwamba rubani mwingine angeilazimisha injini. Dezideri akacheka. "Ungezunguka na maiti, Kapteni. Hiyo mikono yako ilishika mpini, hii yangu ilishika roho."

Siku ya tatu akaingia wodini Fundi Gaudensi, fundi wa ndege ile, vumbi hadi kwenye nyusi. Asubuhi ile ya safari, uwanjani, ndiye aliyesema bonde lina joto, injini itachoka, akashusha mizigo yote, mwisho akashuka yeye mwenyewe, nami nikamtukana kwa kutuchelewesha. Alikuwa amepanda milima kwa miguu na kwa lori kutufuata.

"Ningekuwa ndani na uzito wangu," akasema, "kwa moto mdogo ule msingepanda hata maduara matatu. Lakini mnisamehe. Kidhibiti cha pangaboi kilichogoma, kile cha mpini wa buluu, nilikifunga mimi kwenye injini."

Kapteni akainama, akakiri naye. Mpini ule huvutwa mara tatu ndege ikiwa bado chini, kuujaribu. Siku ile aliuvuta mara moja tu.  Kwa nini, mimi najua: nilikuwa nalia nyuma yake, twende, baba, twende. Na angeuvuta mara tatu, labda ungegoma pale pale, tusingeruka kabisa.

Kesho naandikisha cheti, na wote watatu wamesema watakuja. Kwamba mwanangu ataishi, sina shaka; ananyonya mpaka anakoroma. Ni jina tu. Je, nani anastahili: aliyeiheshimu injini, aliyebinya, au aliyeshuka? Ninong'onezeni sikioni, mmoja mmoja, nami naapa sitamwambia mtu mwingine.