Siku Jumbe Mbogo Alipofukuza Nzi Wote

Hapo zamani za kale, watoto, wakati nzi wote waliitwa nzi tu na hakuna aliyejisumbua kuwatofautisha, palikuwa na nchi iliyotawaliwa na Jumbe Mbogo. Nyuma ya nyumba yake mkewe alilima shamba la kunde.

Kwenye majani ya zile kunde aliishi Mwanamize. Naye alikuwa nzi, si mkubwa kuliko punje ya mahindi, mwenye mistari myeusi na ya njano mgongoni. Alikuwa na watoto sita, mabuu wasio na miguu wala mabawa, ambao kutwa nzima walikula vidukari, vile vijidudu vinavyonyonya majani ya kunde mpaka yajikunje.

Asubuhi moja ndama wa Jumbe aliumwa shingoni. Siku ya tatu akaanza kusinzia. Akawa anasinzia hata akinyonya.

"Ni nani aliyemuuma?" Jumbe akafoka.

"Nzi," mkewe akamjibu. "Nilimwona nikampiga mkia, akaruka."

Jumbe akapiga kwato chini, tii! "Basi nzi wote watoke katika nchi hii! Kesho jua likifika utosini nisimwone hata mmoja!"

Kazi hiyo akapewa Mbuni, mkuu wa askari. Mbuni alikuwa mrefu, mwenye mbio na teke la kuvunja mti, na hayo yote aliyajua mwenyewe. Akapita nyumba hadi nyumba. "Tokeni! Fungasheni!" Nzi wa jikoni wakafungasha. Nzi wa matunda wakafungasha. Nzi wa mavi ya ng'ombe nao wakafungasha, wakilalamika kwamba wao hawajawahi kumuuma mtu.

Mwanamize hakufungasha. Angekwenda wapi na watoto sita wasioweza kutembea wala kuruka?

Mara kivuli kikaanguka juu ya jani.

"Wewe! Nzi wewe! Mbona bado upo?"

"Nzi? Mimi?" Mwanamize akajibu kwa ukali. "Huioni mistari hii, bwana mkubwa? Mimi nyuki! Vuuu! Sogea nikuchome!"

Mbuni akaruka nyuma hatua tatu. "Samahani, mama nyuki. Samahani sana."

Bahati mbaya, kwenye ua la juu yake alikuwa ametua nyuki wa kweli.

"Mwongo huyo!" nyuki akasema. "Sisi tuna mabawa manne. Hebu mhesabie ya kwake."

Mbuni akainamisha shingo yake ndefu mpaka jicho likagusa jani. "Bawa moja... mawili..." Akatafuta huku, akatafuta kule. "Mawili tu! Aa, kumbe hivi ndivyo nzi anavyojulikana!"

Mwanamize akawatazama wanawe, ambao walikuwa wanakula tu bila habari. Kisha akamtazama Mbuni, kushoto na kulia, paliponing'inia manyoya meusi. Akatulia.

"Umenishika, bwana mkubwa," akasema. "Sina la kujitetea. Ila nakuonea huruma. Wengine nao watakudanganya kama mimi."

"Wasithubutu!"

"Basi ipeleke alama hii kwa Jumbe aifanye sheria. Tena aseme hakuna msamaha, awe mkubwa awe mdogo. Hapo nani atakuchezea?"

Mbuni akavimba kifua. Neno hilo lilimwingia.

Kesho yake wanyama wakajaa uwanjani kwa Jumbe, na nzi wote wakasimamishwa upande mmoja na mizigo yao. Mbuni akaeleza alama aliyoigundua, bila kutaja nyuki. Jumbe akaipenda.

"Sikilizeni!" akasema. "Mwenye mabawa mawili ni nzi, na atatoka leo. Awe mkubwa awe mdogo, simsamehe!" Akapiga kwato, tii! Ikawa sheria.

"Jumbe," Mwanamize akaita kutoka kwenye kundi la nzi, "naomba neno moja tu kabla sijaondoka. Wengine hapa hawakuelewa. Mkuu wa askari na afungue mabawa yake, watu wote waone bawa ni kitu gani."

"Tazameni!" Mbuni akasema kwa fahari, akayatandaza, paaa!

"Bawa moja," Mwanamize akahesabu. "Mawili."

Nyani mmoja nyuma akaangua kicheko, na wote wakamfuata, kwa kwa kwa!

"Mimi?" Mbuni akabwata. "Mimi nzi?"

"Si mimi niliyesema," akajibu Mwanamize. "Ni sheria. Na wale ndege wanaokutoa kupe mgongoni, Jumbe, nao wana mabawa mawili mawili. Waanze kufungasha."

Jumbe alijikuna ubavu. Alifikiri juu ya kupe.

"Umenifunga kwa maneno yangu," mwishowe akasema. "Lakini mwanangu anaumwa. Nifanye nini?"

"Mtafute aliyemuuma. Sisi tupo wa kila namna. Yupo wa jikoni, yupo wa matunda, yupo wa maua. Aliyemuuma mwanao alikuwa wa namna gani?"

Jumbe akamgeukia mkewe. Mama wa ndama akafumba macho akikumbuka. "Alipotua aliyalaza mabawa yake moja juu ya jingine, kama viganja vilivyobebana. Hakuyaacha wazi."

Nzi wote wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ameyaacha mabawa yake wazi.

"Hayupo hapa," Mbuni akasema haraka.

"Hebu tukae kwanza," akasema Mwanamize. "Jua kali. Tupumzike, tutaondoka baadaye."

Wakakaa. Jua likapanda. Nzi wa jikoni akapangusa mikono yake. Nzi wa matunda akasinzia mabawa wazi, na wa mavi ya ng'ombe hivyo hivyo. Nyuma kabisa, nzi mmoja wa kijivu mwenye mdomo ulionyooka mbele alikuwa amejibana akiyatandaza mabawa yake kwa nguvu. Misuli ikamchoka. Polepole, bila kujua, akayalaza, moja juu ya jingine.

"Yule!" mama wa ndama akapiga kelele. "Ndiye yule!"

Alikuwa Mbung'o. Akaruka, vyuuu! Mbuni akamkimbiza kwa miguu yake mirefu mpaka kwenye vichaka vizito vya bondeni, na huko ndiko Mbung'o anakojificha hadi leo.

Jumbe akaifuta sheria yake mbele ya watu wote. Nzi wengine wakarudi makwao, na tangu siku hiyo kila mmoja huitwa kwa jina la namna yake. Ndama alichukua miezi mingi kusimama vizuri, tena hakuwahi kunenepa kama wenzake.

Nawaambia basi, watoto: anayetaka kumwadhibu mkosaji na ajifunze kwanza kumtambua.