Kigogota na Jarida la Mzee Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nani?
— Pakawa wajinga!
— Wako wapi?
— Wamejaa tele!
— Nitajieni mmoja!
— Huyu aliyekaa karibu nami!

Haya, msigombane, kila mmoja amesema kweli. Sogeeni.

Hapo kale, Kiboko alipokuwa bado akiishi nchi kavu na kutembea kifua mbele kama mwenye mji, alianzisha jarida la useremala. Naam, Kiboko. Yule yule asiye na shingo wala vidole vya kushikia msumari, ambaye maishani mwake hakuwahi kukata hata kijiti cha kuchokonolea meno. Jarida lake liliitwa Randa Yetu, na Mhariri Mkuu alikuwa yeye mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Kiboko. Ukurasa wa pili ulikuwa na picha ya Kiboko ameshika randa kama anayeshika samaki anayeteleza. Ukurasa wa mwisho ulimshukuru Kiboko kwa kazi nzuri.

Kila mwezi ulipoandama, jarida lilitoka. Ada ya mwaka ilikuwa gogo moja la mti mzuri, na kujiandikisha kulikuwa kwa hiari. Kiboko mwenyewe alisisitiza: hiari! Digidigi alikataa kwa hiari yake. Kesho yake Kiboko akaenda kuikalia nyumba ya Digidigi, naye kwa hiari yake. Tangu siku hiyo mafundi wote wa msituni wakaipenda sana hiari.

Sasa, katika msitu huo aliishi fundi mmoja mdogo, ndege Kigogota. Hakuwa na randa, hakuwa na msumeno. Alikuwa na mdomo tu, tena mdomo wa kazi. Alichonga nyumba za ndege ndani ya magogo, na kabla hajachonga aligonga kwanza, akasikiliza. Ko! Ko! Ko! Likilia hivyo, gogo ni zima, anza kazi. Bu! Bu! Bu! Likilia hivyo, ndani kumeoza, kunjua mbawa uende zako.

Mwaka huo Kigogota alikuwa na gogo moja la mninga, kavu, zuri, analichonga mwezi wa pili sasa. Mkewe alikuwa karibu kutaga, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kujikusanya kule mlimani. Gogo jingine kama hilo halikuwapo. Likiondoka hilo, mayai yatatagwa mvuani.

Siku hiyo yuko kazini, ko-ko-ko, ko-ko-ko, mara akasikia: gidu! gidu! gidu! Majani yakadondoka yenyewe.

"Hodi humo!"

"Karibu, Mzee Kiboko."

"Wewe kidege, unafanya useremala?"

"Najaribu, Mzee."

"Unasoma Randa Yetu?"

"Bado, Mzee."

"Basi hujaribu. Unabahatisha." Kiboko akalizunguka gogo la mninga, akalinusa, akatoa mate. "Hili litafaa kwa ada yako."

Kigogota akatua juu ya gogo lake. "Mzee, nipe siku tatu nifikirie kama hilo jarida lina faida kwangu."

"Fikiria," akasema Kiboko, huku akiitazama nyumba ya Kigogota kama anayetafuta pa kukalia. "Si nimesema ni hiari?"

Gidu, gidu, gidu, akaenda zake.

Mke wa Kigogota alikuwa amesikia yote. "Mume wangu, kwani likija jarida tutapungukiwa nini? Juzi mke wa Nyani kanipita mtoni, hakunisalimia. Amelikunjua usoni kama kitenge kipya!"

"Alikuwa analisoma?"

"Sijui kama alikuwa analisoma. Alikuwa nalo!"

"Na mayai utataga wapi? Ukurasa wa nne?"

Mke akautazama ule mninga. Kigogota akasema, "Ngoja nikaulize kwa wanaolipokea."

Siku ya kwanza akapiga mbawa, puru-puru-puru, akatua kwa Nyani.

"Bwana Nyani, salama?"

"Salama, fundi mwenzangu. Ingawa wewe hujasoma."

"Nimekuja kuuliza. Jarida lina faida?"

"Lina faida kubwa!"

"Faida gani?"

"Kubwa!"

"Umetengeneza nini?"

Nyani akakohoa, akajikuna. "Wewe una haraka, ndiyo maana ya kutosoma. Toleo la kwanza lilisema: Fundi, tayarisha moyo. Nikautayarisha. La pili likasema: Fundi, tayarisha mahali. Nikafagia. La tatu likasema: Fundi, ngoja toleo la nne."

"Na la nne?"

"La nne lilikuwa na picha za Kiboko safarini."

"Miaka mitatu, bwana Nyani! Matoleo thelathini na sita! Hata kigoda hujapata?"

"Kigoda cha nini? Huoni nimekaa?"

Kigogota akatazama. Kweli, Nyani alikuwa amekaa. Alikuwa ameyapanga matoleo yote thelathini na sita, akayakalia, makalio yake mekundu yametulia juu ya uso wa Mhariri Mkuu.

Siku ya pili akapiga mbawa, puru-puru-puru, akatua kwa Ngiri. Huyo Ngiri msimchezee. Vinu vyake vilikuwa vikitafutwa hadi ng'ambo ya mto. Lakini uani Kigogota akamkuta mke wa Ngiri anatwanga mtama juu ya mwamba, mtama unaruka, kuku wa jirani wanashukuru Mungu.

"Shemeji, kinu kiko wapi? Si mumeo ndiye fundi wa vinu?"

"Alikuwa," akasema mke wa Ngiri. "Siku hizi ni msomaji."

Ngiri akajitokeza, jarida kwapani.

"Bwana Ngiri, jarida lina faida?"

"Lina faida kubwa!"

"Faida gani?"

"Limenifumbua macho! Kumbe miaka yote nilikuwa nachonga kwa tezo ya kawaida, kama mshamba. Ukurasa wa saba unasema fundi wa kweli hutumia tezo yenye mpini wa fedha. Basi yangu nikaitupa kisimani."

"Na hiyo ya mpini wa fedha inapatikana wapi?"

"Watatuambia."

"Lini?"

"Shemeji," mke wa Ngiri akadakia, "ukimaliza maswali yako, okota jiwe hilo unisaidie kutwanga."

Kigogota akarudi nyumbani amekwisha kuamua. Jarida lile halikufaa hata kufukuzia nzi. Lakini nani wa kumwambia Kiboko? Akimwambia hapana, nyumba itakaliwa. Akimwambia ndiyo, gogo litakwenda. Akakaa tawini, akainamisha kichwa, akaugonga mti polepole, ko, ko, ko, kama afanyavyo akiwaza. Akainua kichwa. Akacheka.

"Mke wangu, tuna mafuta ya nyonyo?"

"Yapo kidogo."

"Na tope?"

"Tope la bure limejaa kote."

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na gogo la msufi, nene kuliko Kiboko mwenyewe, limelala tangu enzi za babu yake Kigogota. Siku ya tatu, alfajiri, Kigogota akaliendea kwa ncha za kucha, akaligonga mara moja tu. Bu! Akatega sikio. Mle ndani: chakachaka, chakachaka, chakachaka. Siafu. Tena si siafu watatu wanne. Ukoo mzima, na wakwe zao.

Basi wakafanya kazi. Msufi wakaupaka mafuta ya nyonyo, ukang'aa mpaka nzi akitua anateleza. Kisha wakaufunika kwa majani, ila wakaacha pembe moja ichungulie. Mninga wakaupaka tope, wakautundikia utando wa buibui, wakaunyunyizia na mavi ya popo. Hata mke wa Kigogota, aliyejua kilichomo, akakunja uso.

Gidu! Gidu! Gidu! Kiboko huyo. Tena hakuja peke yake, alikuja na wasomaji wake wote, Nyani mbele, Ngiri nyuma, kila mmoja na jarida mkononi, waje washuhudie fundi mwingine anavyojipatia elimu.

"Kidege! Umefikiri?"

"Nimefikiri, Mzee. Nimeulizia, nikaambiwa lina faida kubwa."

"Faida gani?" akauliza Kiboko.

"Kubwa!" wakajibu wasomaji wote.

"Gogo ndilo hili, Mzee, lichukue." Kigogota akaonyesha lile la tope, huku mgongo wake ameupa ule msufi, mbawa kazitandaza kama kuku aliyeona mwewe.

Kiboko akalitazama la tope, akaziba pua. Kisha jicho likamteleza. Akaona kitu kinang'aa.

"Hapo nyuma yako kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mzee."

"Kinang'aa!"

"Ni jua, Mzee."

"Jua chini ya majani? Sogea!" Kiboko akapuliza kwa pua, fuuu! Majani yakaruka, gogo likabaki wazi, nene, laini, linameremeta. Wasomaji wakasema, "Aaaaa!"

Kigogota akajitupa chini, akalia. "Mzee wangu, hilo usiliguse! Hilo la babu! Chukua hili la mninga, mimi sijasoma, sijui miti, lakini hilo niachie!"

"Ulitaka kunipa takataka, lulu ukaificha!" Kiboko akanguruma. "Nachukua hili."

"Basi, Mzee, kama umeshikilia, tamka mbele ya wasomaji wako: ukichukua hili, gogo langu jingine hulitaki tena maisha, na nyumba yangu huikalii."

"Natamka! Hilo jaa lako la mninga nilitake la nini?"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakasema wasomaji.

Kigogota akafuta machozi, akakohoa. "Mzee, huligongi kwanza?"

Hapo, jamani, mlango ulikuwa wazi. Angegonga mara moja tu, mambo yangeishia pale. Gogo lenyewe lingemwambia. Kila fundi duniani hugonga, hata mtoto akinunua nazi huitikisa. Lakini Kiboko alicheka mpaka pembe za mdomo zikakutana kisogoni.

"Kugonga! Mmemsikia mshamba? Kugonga ni kwa wasiosoma! Sisi wataalamu tunatazama. Wasomaji, fungueni ukurasa wa tano. Mti bora una sifa ngapi?"

"Mbili!" wakasema wote.

"Ya kwanza?"

"Unene!"

"Ya pili?"

"Kung'aa!"

"Aliandika nani?"

"Mzee Kiboko!"

"Basi leo mtapata somo la bure. Tazameni mtaalamu anavyokalia mbao bora." Akageuka, akalenga, akajishusha mzima mzima.

Bu! Kwaaaa! Gogo likapasuka kama boga. Kiboko akazama mpaka kiunoni, miguu juu, na mara kimya. Kisha, chakachaka, chakachaka, chakachaka.

"Kuna kitu kinanitekenya," akasema Kiboko. Kisha akasema, "Hakitekenyi." Kisha hakusema tena maneno yanayoweza kusimuliwa mbele ya watoto.

Siafu waliingia kila pahali palipokuwa na mlango, na Kiboko, kama mjuavyo, ana milango mikubwa. Akachomoka, vipande vya gogo vimemganda makalioni, akakimbia, gidugidugidugidu, akawapindua wasomaji wake, majarida yakatawanyika angani kama kunguru, akafika mtoni: chubwiii! Akazama. Akatoa pua. Siafu wanasubiri ukingoni. Akazama tena. Mpaka leo huyo, mchana kutwa yumo majini, macho na pua tu ndivyo vinavyoonekana, anachungulia kama wamekwisha kuondoka.

Mnadhani wasomaji walifumbuka macho? Hebu wee! Walisimama ukingoni, wamechanika, wamevimba, wanajikuna. Kiboko akatoa pua, akasema kwa sauti ya kukwaruza: "Toleo lijalo ni toleo maalumu! Fundi na Siafu! Ada, magogo mawili!"

"Niandike wa kwanza!" akapiga kelele Nyani.

"Na mimi!" akasema Ngiri, huku mkewe anamvuta mkia.

Mvua ilianguka jioni ile ile. Kigogota na mkewe walikuwa ndani ya mninga wao, wakavu. Mke alikuwa ameokota matoleo mawili ya Randa Yetu yaliyoangukia mlangoni. Akayachana vipande, akavitandika chini, akataga mayai manne juu yake. Baada ya siku chache vifaranga vikatoka, vikala, vikashiba, vikanya juu ya Mhariri Mkuu, ukurasa wa kwanza, wa pili, na ule wa shukrani.

"Sasa unaona, mume wangu," akasema mke, "nilikwambia lina faida."

Basi enyi watu wazima na watoto, funzo la ngano hii ni hili: jiandikisheni! Kila jarida mnaloletewa, pokeeni, na msiulize linafundisha nini. Magogo msiyagonge, yanaumia. Yanayong'aa yakalieni haraka kabla hajayakalia mwenzenu. Na aliyeelewa vingine, basi huyo hajasoma.

— Ngano yangu imefika wapi?
— Imefika ukingoni!
— Tuisukume?
— Isukume!
— Chubwi!