Kitambaa Chekundu cha Mzee Vuai

Kisa hiki nimetumiwa na shangazi yangu, nami nakutumia wewe. Kisome kwanza, kisha ndiyo umshuku unayetaka kumshuku leo.

Mzee Vuai wa Makunduchi alikwenda Umra na wenzake kumi na mmoja. Begini alibeba shuka mbili nyeupe za ihramu alizonunua marehemu baba yake, ambaye maradhi yalimzuia kusafiri. Mzee Vuai alimuahidi baba yake kitandani kwamba shuka zile zitafika Makka.

Walipofika Madina akakuta chupa ya achari imepasuka begini na shuka zimegeuka manjano. Basi la Makka lilikuwa linaondoka alasiri ile ile. Akaelekezwa kwenye chumba cha mashine za kufulia, ambako kila mtu hujifulia mwenyewe.

Chumba hakikumpendeza hata kidogo. Watu wanaingia na kutoka, nguo zote nyeupe, na mlinzi hakuna.

"Hapa ni pa kuibiana tu," akajisemea.

Akatia shuka, akamimina sabuni, akabonyeza. Mara akakumbuka viatu vyake, ambavyo kwa mazoea ya kwao alivivua mlangoni. Akaenda mbio, akavikuta, akarudi navyo mkononi kwa usalama zaidi. Mashine zilikuwa zikizunguka, povu tupu kwenye vioo. Akatoa kitambaa chekundu, kimoja cha vile walivyofunga kwenye mabegi ili wayatambue uwanja wa ndege, akakifunga kwenye mkono wa mashine yake. Akaketi mbele yake.

Kando ya ukuta alikaa mzee mmoja mgeni mwenye ndevu nyeupe. Hakuwa na kitabu wala simu. Alikuwa akiitazama ile mashine yenye kitambaa.

"Huyu anasubiri nisinzie," Mzee Vuai akawaza.

Mgeni akasogea, akainyooshea mashine kidole, akasema maneno kwa Kiarabu. Mzee Vuai akavuta kiti karibu zaidi. Baada ya muda mgeni akaja tena.

"Nenda zako, bwana," Mzee Vuai akamwambia, kiatu mkononi.

Haja ndogo ilimbana. Hakuinuka.

Mashine iliposimama, akazitoa shuka na kuzikumbatia zikiwa mbichi. Mgeni akashika ncha moja.

"Mwizi! Jamani, anachukua shuka za baba yangu!"

Maalim Khatibu, kiongozi wa kikundi, ndipo alipoingia kumwita kwenye basi. Akazungumza na mgeni kwa Kiarabu.

"Mzee Vuai, zako zina alama?"

"Mama alishona uzi wa buluu pembeni."

"Hebu tuoneshe."

Akageuza pembe ya kwanza, ya pili, zote nane. Uzi hakuna.

Maalim akafungua mashine ya jirani, iliyokwisha kusimama zamani. Shuka zilikuwamo, safi, na uzi wa buluu pembeni.

"Anasema alikuambia mara mbili kwamba umefunga kitambaa kwenye mashine yake," Maalim akasema. "Ulipomfukuza, akaona bora akae azilinde zako, maana wewe ulikuwa unalinda zake."

Mzee Vuai aliona aibu. Akamrudishia mgeni shuka zake. Mgeni akakifungua kitambaa chekundu, akakikunja vizuri, akamtia mkononi.

Funzo: Anayemshuku kila mtu husahau kujikagua mwenyewe, na siku moja atapiga kelele za mwizi huku amekumbatia mali ya mwenzake.