Kichina Kidogo cha Mwanasha

Aliyenisimulia kwanza kisa hiki ni wifi yangu Nuru, siku aliyokuwa akinisuka.

Mwanasha wa Korogwe alitumwa China na kikundi chao cha ushonaji, akachukue cherehani kumi mpya. Wenzake walikuwa wameuza maandazi miaka miwili kwa ajili hiyo. Huko alipokewa na mkalimani, Bwana Kilua, mtu wa kwao aliyenenepa kwa kuwatafsiria wageni wasiojua neno.

Walipofika ghalani, Kilua na mwenye mali walizungumza Kichina, wakacheka.

"Anasema zote ni mpya, dada. Zipakiwe?"

Mwanasha alitoa daftari, akaandika.

"Unaandika nini?"

"Mnayosema. Endeleeni tu, kaka."

Wakaendelea, safari hii kwa kunong'ona. Mwanasha akatikisa kichwa, akajaza ukurasa mzima.

Jasho likamtoka Kilua. "Kumbe Kichina unakijua?"

"Kidogo tu."

Kilua aliwajua watu wa kwao. Asiyejua kitu hujisifu, lakini anayesema "kidogo tu" ni wa kuogopwa.

"Dada yangu, tulikuwa tunatania! Hizi ni chakavu zilizopakwa rangi. Mpya ziko nyuma, zinaletwa sasa hivi. Tafadhali, usinitangaze nyumbani."

"Haya, zije nizijaribu."

Alizijaribu zote kumi, zikapakiwa mbele ya macho yake.

Asubuhi iliyofuata Kilua alipita hotelini kumuaga. Alimkuta Mwanasha amesimama mbele ya mhudumu, akipigapiga viwiko kama mabawa na kulia ko-ko-ko-kooo. Alikuwa anaagiza yai.