Mkeka Mwekundu wa Zimwi

Hadithi yangu iko mlangoni, wenzangu. Ikaribisheni, ina njaa!

Paliondokea wake wenza wawili, Mize na Kidawa. Mize, mke mkubwa, alikuwa na macho ya tai. Kidawa alikuwa kipofu, lakini mikeka aliyosuka ilikazana hata maji hayapenyi. Watu wakimsifu Kidawa, Mize alihisi pilipili moyoni.

Siku moja likaja zimwi, likamwambia Kidawa, "Nisukie mkeka mwekundu mtupu. Rangi ikikosewa, namla aliyekosea."

Kidawa akamwomba mwenzake, "Dada, nichagulie ukindu mwekundu." Mize akampa mweusi. Akaomba tena, akapewa mweusi. Akaomba mara ya tatu, akapewa mweusi, na kila mara akisema, "Ahsante dada, macho yako ndiyo yangu."

Zimwi likarudi, likakuta mkeka mweusi tii. Likanguruma, "Nani aliyechagua rangi hii?"

"Ni mimi," akasema Kidawa.

Wivu ukampanda Mize kichwani. Yaani hata kwa kuliwa, asifiwe huyu? Akapiga kelele, "Mwongo! Nimechagua mimi!"

"Mimi, dada!"

"Mimi, nakwambia!"

Wakabishana, wakabishana, wakabishana, mpaka zimwi likaziba masikio. "Nyama yenye kelele hivi haitanishuka," likasema, likaenda zake.

Tangu hapo wanasuka mkeka mmoja. Wivu wa Mize, jamani, haukuisha. Mtu mwingine akithubutu kumchagulia Kidawa rangi, Mize humtimua kwa mwiko.