Shela la Sijali

Kamati haivai shela. Mmeisikia kwa mama zenu, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, na mimi ndiye wa kuulizwa, maana nilikuwa mjumbe wa kamati yenyewe.

Pale mtaani kwetu Korogwe, Sijali alichumbiwa na Mbaruku, fundi seremala. Sijali alilelewa na bibi yake, Bi Mwanahawa, aliyemsomesha kwa kuwatwangia watu mpunga. Wakati huo bibi alikuwa wa kitandani, miguu haimbebi tena. Sijali akasema harusi yake anaitaka uani kwa bibi, bibi amvishe shela kwa mkono wake, na wanawake waimbe nyimbo za kutwanga. Basi.

Shangazi yake, Bi Mwajabu, akasema, "Vizuri sana mwanangu. Tuunde kamati."

Tukawa wajumbe thelathini na mmoja. Vikao vitatu vilikwisha tukibishania sare, rangi ya parachichi au ya embe bichi. Matakwa ya bi harusi yaliwekwa ajenda ya mwisho, na kila tukiifikia, mihogo ya chai ilikuwa imeiva. Katibu aliandika: "Imeahirishwa." Mwisho tukapitisha ukumbi wa ghorofani, keki ndefu kama mtu, na mshereheshaji kutoka Tanga.

"Na bibi je?" Sijali akauliza.

"Atapelekewa video," akajibu Bi Mwajabu.

Siku ikafika. Asubuhi ndoa ilifungwa msikitini. Mchana ukumbi ukafurika, mshereheshaji akanguruma, "Bi harusi huyooo!" Vigelegele! Mlango ukafunguka, akaingia dereva peke yake.

"Amesema haji," akasema. "Yuko kwa bibi yake."

Tukatoka mbio, Bi Mwajabu mbele. Tulimkuta Sijali ameketi ukingoni mwa kitanda cha bibi, shela mapajani.

"Wewe Sijali! Watu mia nne wanakungoja!"

"Shikamoo, shangazi."

"Shikamoo ya nini saa hizi? Vaa twende!"

Sijali akainuka polepole. Akamvika shangazi yake shela, akalibana kwa pini, akalinyoosha mabegani.

"Rangi umechagua wewe, keki wewe, nyimbo wewe. Nenda ukaingie, shangazi. Mbaruku umsalimie."

Majirani waliokuwa mlangoni, kuona shela tu, wakapiga vigelegele kwa mazoea. Bi Mwanahawa, ambaye ndiye mama mzazi wa Bi Mwajabu, alicheka hadi akakohoa.

"Vua, Mwajabu," akasema. "Kamati haivai shela."

Bi Mwajabu akachomoa pini moja moja, akampa mama yake shela kwa mikono miwili. Bibi akamvisha mjukuu wake, na shela likakaa sawasawa kichwani.

Mbaruku akaitwa. Sufuria za pilau zikateremshwa ghorofani, sisi wajumbe tukiwa wapagazi. Keki haikupita kwenye mlango wa uani, ikaliwa barabarani na kila mpita njia. Vinu vikaletwa, wanawake wakatwanga na kuimba, na bibi akiwa kitandani akawasahihisha maneno.

Na aliyeieneza methali hiyo ni Bi Mwajabu mwenyewe. Tangu siku ile, katika kila kamati ya harusi iliyompa uenyekiti, alimwita kwanza bi harusi, akamketisha karibu naye, kisha akafungua kikao: "Ndugu wajumbe, kamati haivai shela. Haya, mwanangu, sema unavyotaka."