Sanduku la Chui

Serikali iliwalipa watafiti watengeneze sanduku lingurumalo kama chui, la kufukuzia tumbili, nalo likamwokolea Bi Mwanakheri mahindi yake. Mwaka wa pili akaja Bwana Lukindo, afisa wa serikali, na gari jipya, kupima manufaa.

"Mama, tumbili wako wapi?"

"Hawapo, baba."

"Sasa sanduku linamfukuza nani? Halina manufaa. Nalichukua."

Bi Mwanakheri aliyaona moyoni mahindi yake yakiliwa yote sanduku likiondoka, lakini akatabasamu. "Hewala, mwenye elimu ni wewe." Akalizima sanduku, akalileta barazani. "Karibu uji, nami nimwekee mkeo ndizi garini."

Bwana Lukindo hajamaliza kikombe, tumbili wakajaa garini. Mmoja kavaa kofia ya mgeni, mwingine anapiga honi, na mkubwa wao kashika usukani kama mwenye safari.

"Washa, mama! Washa!"

"Niwashe nini, baba? Si halina manufaa?"

"Linayo! Wallahi linayo, nitaandika hivyo!"

Sanduku likanguruma. Tumbili wakatimka, na kofia wakaenda nayo.

"Mola anisamehe," akasema Bi Mwanakheri, "ndizi nilizichagua mbivu, na mlango niliuacha wazi. Sasa, mwanangu, shika upande huo tulirudishe shambani."